Mtoto Amekula Kiasi Gani? Nguvu na Mipaka ya Picha katika Tafiti za Ulaji

Mwaka 2022 utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Mwaka huohuo, utafiti wa aina hiyo nchini Kenya ulipata asilimia 18. Takwimu hizi zina msingi imara: mtoto alilazwa au alisimamishwa kwenye ubao, urefu wake ukasomwa kwa sentimita na kulinganishwa na umri wake. Upande wa chakula, tafiti hizohizo huuliza jambo jepesi zaidi. Mama hutajiwa vyakula, naye hujibu kama mtoto alikula au hakula jana. Mtoto aliyepata angalau makundi matano kati ya manane yaliyowekwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mlo mchanganyiko. Aliyeonja kijiko kimoja cha maharage na aliyemaliza bakuli zima huingia katika hesabu wakiwa sawa.

Kwa kazi nyingi kipimo hicho kinatosha. Hakitoshi pale serikali inapoamua ni miligramu ngapi za madini ya chuma ziongezwe kwenye kilo ya unga, au pale shule inapopanga mlo wa mchana, au mtaalamu anapotaka kujua kama watoto wa kijiji fulani wanakula kidogo mno au wanakula vya kutosha lakini vyakula duni. Maswali hayo yanadai gramu. Kupata gramu bila kuweka mizani katika kila jiko, watafiti wa nchi nyingi wamechagua njia ya picha. Mhojiwa huonyeshwa chakula kimoja kikiwa kimepakuliwa kwa viasi mbalimbali, kuanzia kidogo hadi kingi, kisha huombwa aonyeshe picha inayolingana na alichokula mtoto.

Njia hii ni nzuri, nami naiunga mkono. Ila picha huwa kipimo pale tu inapotokana na vyakula, vyombo na umri wa watoto wanaochunguzwa, na ikiwa imejaribiwa kwa mizani kabla ya kupelekwa nyumbani kwa watu. Bila hivyo, tunachokusanya ni makisio yaliyovalishwa desimali, na makisio hayo ndiyo yatakayoamua nini kiwekwe kwenye sahani ya mtoto kesho.

Kutoka mizani hadi picha

Kipimo kinachoaminika zaidi ni kupima chakula chenyewe. Mdadisi hufika alfajiri kabla ya chai kuandaliwa, hupima kila anachopewa mtoto na kila anachobakiza, na huondoka usiku. Gharama yake ni kubwa. Tena familia inayotazamwa hubadili mapishi: wapo watakaopika nyama kwa heshima ya mgeni, na wapo watakaopika kile kilicho rahisi kupimwa. Ndiyo maana tafiti kubwa hutegemea mahojiano ya kumbukumbu ya saa 24, ambamo mhojiwa husimulia kila alichokula, au alichomlisha mtoto, kwa siku nzima iliyopita.

Katika mahojiano hayo, kutaja chakula ni rahisi kuliko kutaja kiasi. Watu husema "kidogo tu", "sahani moja", "upawa mmoja na nusu", na upawa wa nyumba hii si sawa na wa nyumba ile. Uingereza ilikabiliana na tatizo hili mapema. Michael Nelson wa King's College London na wenzake walichapisha mwaka 1994 na 1996 uchunguzi wa jinsi watu wanavyosoma viasi vya chakula kwenye picha, kisha mwaka 1997 wakatoa atlasi ya picha za vyakula. Kila chakula kilikuwa na picha nane. Ya kwanza ilionyesha kiasi ambacho ni watu watano tu kati ya 100 hula chini yake. Ya mwisho, kiasi ambacho watano tu hukizidi. Viasi hivyo vilitokana na takwimu za ulaji halisi wa Waingereza watu wazima. Wapiga picha hawakuamua kwa macho sahani ndogo iwe ipi na kubwa iwe ipi.

Nelson na wenzake walionyesha mambo mawili ambayo bado yanaongoza fani hii. La kwanza, picha kadhaa za viasi tofauti hutoa makadirio bora kuliko picha moja ya sahani ya wastani. La pili, watu huelekea kuongeza viasi vidogo na kupunguza viasi vikubwa, hivyo majibu yote husogea katikati. Kwa watoto wadogo, ambao karibu kila kiasi chao ni kidogo, mwelekeo huo ni hatari maalumu: makosa hayatatapakaa pande zote mbili, yataegemea upande wa kuongeza.

Jicho, taswira na kumbukumbu

Nelson aligawa kazi ya mhojiwa katika hatua tatu. Kwanza ni kuona, yaani kuoanisha chakula kilicho mbele yako na picha. Pili ni kujenga taswira, yaani kuoanisha picha na chakula ambacho hakipo tena mezani. Tatu ni kukumbuka, kwa sababu taswira hiyo hufifia kadiri saa zinavyopita. Kosa linaweza kuingia katika kila hatua. Msomaji wa tafiti za aina hii ana sababu ya kuuliza ni hatua ipi iliyojaribiwa. Jaribio ambalo mtu anatazama sahani na picha kwa pamoja linathibitisha hatua ya kwanza peke yake. Matokeo yake yakiwa mazuri, bado hayatuambii jinsi mama atakavyojibu kesho yake asubuhi, sufuria ikiwa imeshaoshwa.

Kwa mtoto, hatua zote tatu ni ngumu zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba mtoto ambaye hajafikia takriban miaka saba huamini maji yameongezeka yakimiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba na ndefu. Mtoto wa namna hiyo akionyeshwa wali uliotandazwa kwenye sahani na wali uliorundikwa kwenye bakuli, hawezi kutegemewa kutambua kwamba kiasi ni kilekile. Kwa sababu hii na nyinginezo, watafiti wengi hawamtegemei mtoto mwenyewe kueleza ulaji wake kabla ya umri wa miaka minane hivi, na hata baada ya hapo humpa msaada wa mzazi kwa miaka kadhaa.

Muda nao una uzito wake. Nchini Marekani, Suzanne Domel Baxter na wenzake waliwatazama wanafunzi wa shule za msingi wakati wa kula, kisha wakawahoji bila kuwaambia mapema kitakachoulizwa. Watoto walisahau vyakula walivyokula na walitaja ambavyo hawakula. Kumbukumbu ilikuwa bora pale mahojiano yalipofanyika karibu na mlo wenyewe. Hakuna picha inayoweza kuokoa jibu la mtoto ambaye hakumbuki kama alikula maharage au mchicha. Ubora wa picha na ratiba ya mahojiano ni mambo yasiyotenganishwa, ingawa bajeti nyingi huweka fedha kwenye la kwanza na kulisahau la pili.

Kwa watoto wadogo zaidi, anayejibu ni mlezi, na hapa linaibuka swali jingine: alikuwepo mtoto alipokula? Mama aliyekwenda shambani au sokoni anajua alichokiacha jikoni. Bibi, dada mkubwa au msaidizi wa nyumbani ndiye anayejua kilichoingia mdomoni. Mtoto amekula pia kwa jirani, amepewa andazi na shangazi, amenunua karanga na barafu akitoka chekechea. Kumwonyesha picha mtu ambaye hakuiona sahani ni kumlazimisha kubuni. Mdadisi mzuri huanza kwa kutafuta shahidi wa kila mlo kabla ya kufungua kitabu cha picha.

Asilimia 45

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu watoto ulitoka Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2006 Emma Foster na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu watoto wa miaka minne hadi 11. Watoto waliotumia picha zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima walizidisha makadirio kwa wastani wa asilimia 45. Waliotumia picha zenye viasi vya umri wao walipunguza kwa wastani wa asilimia 1 tu. Watoto walikuwa wa umri uleule na swali lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni picha waliyowekewa mbele yao.

Tuone maana ya asilimia hizo. Mtoto wa miaka mitano anahitaji takriban kilokalori 1,300 hadi 1,500 kwa siku, kutegemea jinsia yake na jinsi anavyojishughulisha. Aliyepata 1,000 amelala na njaa. Ongeza asilimia 45, na kitabu kitaandika 1,450. Njaa imefutwa kwenye karatasi bila mtu yeyote kudanganya. Sasa weka kosa hilo katika ripoti ya mkoa mzima, kisha fikiria mpangaji anayeisoma na kuhitimisha kwamba watoto wanashiba, na kwamba fedha za mlo shuleni zinaweza kwenda kwingine.

Timu ya Newcastle iliendelea hadi kutengeneza atlasi ya vijana yenye makundi matatu ya umri: watoto wasioanza shule, wa shule ya msingi na wa sekondari. Atlasi hiyo ilijumuisha pia picha za mabaki, jambo linaloonekana dogo hadi umlishe mtoto wa miaka miwili. Kilichopakuliwa na kilicholiwa ni vitu viwili. Sehemu imemwagika, sehemu ameipeleka kwa paka, sehemu mama ameimalizia mwenyewe. Mhojiwa anayeulizwa picha ya kilichopakuliwa na picha ya kilichobaki humpa mtafiti nafasi ya kutoa na kupata kilicholiwa kweli.

Sahani zetu

Ni rahisi kuchukua atlasi ya Newcastle na kubadili viazi viwe ugali. Kazi halisi ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ulaji wa watoto wa Afrika Mashariki una mambo ambayo sahani ya Kiingereza haikuwahi kuyakabili.

La kwanza ni kula pamoja. Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara, watoto huzunguka sinia au sahani moja, kila mmoja akimega. Hakuna sahani ya mtoto ya kupiga picha. Ukimtengea mtoto sahani yake kwa ajili ya utafiti, umebadili ulaji wenyewe: mtoto mdogo aliyekuwa akishindana na kaka zake sasa anakula kwa utulivu, pengine zaidi, pengine kidogo. Zipo njia za kukaribia ukweli. Mdadisi anaweza kupata kiasi chote kilichopikwa, kisha kuuliza waliokula ni wangapi na wa umri gani, na kuonyesha picha za matonge ya ukubwa tofauti badala ya sahani. Njia hizi huacha pengo, na ripoti ya kweli inapaswa kusema pengo hilo ni pana kiasi gani.

La pili ni uji. Hiki ndicho chakula cha kwanza cha watoto wengi wetu, na ndicho kinachoonyesha mipaka ya picha kuliko kingine chochote. Picha ya kikombe cha mililita 250 inaonyesha ujazo na kunyamaza kuhusu unga. Gramu moja ya unga wa mahindi ina takriban kilokalori 3.6. Uji mwepesi wenye sehemu moja ya unga kwa kumi una gramu 25 hivi za unga katika kikombe, sawa na kilokalori 90. Uji mzito wenye unga maradufu una 180. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayenyonya kwa kiwango cha kawaida anahitaji takriban kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye vyakula vya nyongeza. Vikombe vitatu vya uji mzito vinakaribia kabisa kiwango hicho. Vikombe vitatu vya uji mwepesi vinafikia nusu yake tu. Lakini picha ya kikombe cha uji mzito na ya kikombe cha uji mwepesi ni moja. Kwa hiyo picha ya uji lazima iambatane na maswali ya jikoni: unga vikombe vingapi, maji kiasi gani, sukari, mafuta, karanga au maziwa viliongezwa? Uzito wa uji wenyewe unaweza kuonyeshwa kwa picha pia, kwa mfano uji ukitiririka kutoka kwenye kijiko au ukishikamana nacho.

La tatu ni maziwa ya mama, ambayo hayana picha kabisa. Watafiti hutumia wastani wa umri, au hupima kwa maji yenye deuteriamu (hidrojeni nzito) anayopewa mama, kazi inayohitaji maabara. Utafiti wa watoto wanaonyonya unaoripoti jumla ya kilokalori bila kueleza maziwa ya mama yalihesabiwaje haupaswi kuaminiwa.

La nne ni mboga na mchuzi. Chapati ina umbo na andazi lina umbo. Mtoto alikula moja, nusu au robo. Mchicha uliokaangwa, maharage ya nazi na mchuzi wa dagaa havina umbo, na vyakula vya aina hiyo ndivyo vinavyokadiriwa vibaya zaidi popote duniani. Kwa bahati mbaya, ndivyo pia vinavyobeba sehemu kubwa ya chuma, zinki na vitamini A katika mlo wa mtoto. Picha zisizo na ubora huleta madhara makubwa zaidi palepale tunapohitaji usahihi zaidi.

Kazi ya kuandaa picha za Kiafrika haianzi leo. Nchini Burkina Faso zilijaribiwa vijijini; Msumbiji zilijaribiwa na wasichana balehe; nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Helsinki kilitengeneza atlasi kwa ajili ya vijana wa miaka tisa hadi 14. Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, kutokana na kazi zao katika vijiji vya Ghana na Malawi, waliandika mwongozo unaotumia karatasi ya michoro ambayo mama huweka alama kila mtoto anapokula, pamoja na sahani na mabakuli yanayogawiwa mapema. Katika kazi ya namna hiyo, picha si lazima iwe peke yake. Maharage makavu hupimwa kwa kikombe cha nyumba, na ugali hufinyangwa kwa udongo hadi mama aseme, "hapo ndipo".

Kutengeneza picha inayopima

Atlasi ya watoto huanza na mizani. Kwanza hupimwa chakula halisi cha watoto wa makundi ya umri yaliyokusudiwa, vijijini na mijini, ili ijulikane kidogo ni kiasi gani na kingi ni kiasi gani. Kisha viasi hupangwa kwa uwiano, kwa maana jicho hutofautisha gramu 20 na 30 kwa urahisi, lakini haliwezi kutofautisha 220 na 230. Hatua kutoka picha moja hadi nyingine zinatakiwa zikue kadiri kiasi kinavyokua.

Sahani lazima ziwe zile za plastiki, za bati au za udongo zinazotumika nyumbani, zenye ukubwa mmoja katika mfululizo wote, na kijiko au mkono wa mtoto pembeni kutoa kipimo. Vyakula hupigwa picha kwa pembe ya mtu aliyeketi mbele ya sahani, takriban digrii 45, ili kimo cha chakula kionekane. Chapati na vitu bapa vinaweza kupigwa kutoka juu. Gramu hazichapishwi mbele ya mhojiwa. Picha zote za mfululizo hutazamwa pamoja, na mdadisi hufundishwa kutosema "ni hii, siyo?" Neno hilo moja linaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Baada ya hapo huja jaribio ambalo miradi mingi huliruka kwa kukosa fedha: watoto hulishwa chakula kilichopimwa, na walezi huulizwa siku inayofuata. Tofauti kati ya mizani na picha huandikwa kwa kila chakula, kwa kila kundi la umri, kwa waliosoma na wasiosoma. Chakula kinachoshindwa hurudishwa kwa mpiga picha.

Kosa linakwenda wapi

Hata atlasi bora huacha tofauti kubwa kwa mtu mmoja mmoja. Mlezi mmoja ataongeza, mwingine atapunguza, na katika kundi kubwa makosa hayo yatafutana kwa sehemu. Kwa hiyo picha zinafaa kukadiria wastani wa kundi: watoto wa wilaya, wa tabaka fulani, wa msimu fulani. Hazifai kuamua kama mtoto huyu mmoja anakula vya kutosha. Muuguzi wa kliniki asimhukumu mama kwa ukurasa wa atlasi. Kwa mtoto mmoja, uzito wake kwenye kadi ya kliniki unasema zaidi.

Kosa lisilofutana ni lile linaloegemea upande mmoja, kama asilimia 45 za Newcastle. Kuongeza idadi ya watoto hakulipunguzi. Kunampa tu mtafiti uhakika zaidi katika jibu lisilo sahihi.

Wapo wanaoamini kwamba kamera za kidijiti zitamaliza mjadala huu. Uingereza imehamishia utafiti wake wa kitaifa wa ulaji kwenye Intake24, mfumo wa mtandaoni ulioanzia Newcastle. Mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Imperial, London, umejaribu kamera ndogo za kuvaliwa katika kaya za Ghana na Uganda, na kamera hizo zinaweza kuona nani anamega nini kwenye sahani ya pamoja. Hii ni hatua kubwa. Lakini kompyuta inayotambua ugali ilifundishwa kwa picha za ugali zilizopimwa, na kamera inayoingia jikoni huona pia watu wasiotaka kuonekana, watoto wakiwemo. Teknolojia haitatuondolea kazi ya mizani. Inaifanya iwe ya lazima zaidi.

Kazi iliyobaki

Nusu ya njia tumeshaitembea. Tanzania ilichapisha majedwali yake ya virutubishi vya vyakula mwaka 2008, na Kenya ilitoa yake mwaka 2018 pamoja na kitabu cha mapishi ya vyakula mchanganyiko. Tunajua gramu 100 za maharage yetu zina chuma kiasi gani. Kipande kinachokosekana ni gramu ambazo mtoto wa miaka miwili alikula, na bila kipande hicho majedwali hayo yanazidishwa kwa namba ya kukisia.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, na taasisi za aina hiyo za Kenya na Uganda zina wataalamu wa kutosha kuanzisha atlasi moja ya watoto ya Afrika Mashariki. Vyakula vikuu tunavigawana: ugali, uji, wali, ndizi, maharage, dagaa, mboga za majani. Ianze na vyakula vichache vinavyobeba sehemu kubwa ya mlo wa watoto, ipangwe kwa umri, ijaribiwe kwa mizani, na itolewe bure ili mwanafunzi wa Morogoro au Kampala asilazimike kupiga picha zake upya au kuazima za Ulaya. Matokeo ya jaribio yachapishwe pamoja na picha, yakiwemo yale ya vyakula vilivyoshindwa, na kila utafiti utakaoitumia useme wazi ni nani alijibu, baada ya saa ngapi, na kosa la kila chakula ni kiasi gani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na programu ya lishe inayoendeshwa kwa miaka juu ya namba isiyopimwa, na wanaolipa kosa la namba hiyo ni watoto ambao njaa yao haikuandikwa.